Hiroshima bila papara: mwongozo wa kutembea na kula, ila angalia maji kwanza

Wengi wanaoenda Japani wanaipa Hiroshima masaa tu. Wanatoka Osaka asubuhi na treni ya kasi, wanapiga picha lile jengo la bomu, gofu lililobaki limesimama baada ya bomu la nyuklia, wanakimbilia kisiwani Miyajima, jioni wapo stesheni wanarudi, miguu imevimba na hawajala kitu cha maana. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulala pale angalau usiku mbili na kula kwa nafasi. Na ushauri wangu mkubwa nautoa mapema kabisa, usichanganye makumbusho ya bomu na kisiwa ndani ya siku moja, kimoja kinakuacha kimya hujui uongee nini na kingine kinataka uende na moyo mwepesi na tumbo tupu, ukivilazimisha pamoja vyote unaviharibu.

Hatua ya 1: Angalia maji kabla hujakata tiketi

Lile geti jekundu lililosimama baharini umeshaliona kwenye picha, hata kama hukujua ni wapi. Ni la hekalu la Itsukushima, kisiwa cha Miyajima, karibu kabisa na Hiroshima. Sasa watu wanadhani lipo majini muda wote. Hapana, ile bahari ya ndani ya Seto inajaa na kupwa vizuri tu, na siku za bamvua tofauti kati ya maji makubwa na maji madogo inakaribia mita 4, kwahiyo kuna mtu anafika anakuta geti linaelea na mwingine anafika anakuta limesimama kwenye tope na watu wanatembea pembeni.

Vyote viwili ni vizuri, shida ni kufika katikati. Wenyeji wanatoa vipimo hivi: maji yakizidi sentimita 250 hekalu linaonekana kama linaelea, yakishuka chini ya 100 unaweza kutembea mpaka chini ya geti ukaweka mkono kwenye nguzo. Jedwali la maji la mwaka mzima lipo kwenye tovuti ya utalii ya Miyajima, unatafuta tarehe zako, unachagua siku ambayo maji makubwa na maji madogo yote yanaangukia mchana. Kati ya kujaa na kupwa ni kama masaa sita hivi, na masaa sita ndio muda unaotosha kisiwa, yani unaona hali zote mbili bila kulala kule. Siku za maji mafu, yani bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, unaweza usipate hata moja kati ya hizo mbili. Ukishapata siku ya kisiwa, siku inayobaki ndio ya mji.

Kuhusu majira: mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili kuna maua ya cheri, katikati ya Novemba kuelekea mwisho majani ya miti ya maple yanakuwa mekundu, vyote vizuri na vyote vina watu kibao. Chaza wanakuwa watamu wakati wa baridi, kwahiyo mla chaza aende Januari au Februari. Agosti ni joto la kuloana, na tarehe 6 Agosti ni kumbukumbu ya bomu, hoteli zinajaa mapema sana, ila jioni yake watu wanaachia taa za karatasi zielee mtoni na ukiwa na nia hiyo basi jipange miezi kabla.

Hatua ya 2: Karatasi na hela

Hii fupi. Paspoti zetu za Afrika Mashariki zinahitaji viza, anza ubalozini mapema na ratiba ya siku zako mkononi. Kadi zinakubalika sehemu nyingi ila vibanda vidogo vya chakula bado wanapenda noti, yeni unatoa kwenye ATM za maduka ya 7-Eleven, zinakubali kadi za nje. Chukua kadi ya usafiri ya ICOCA au Suica, hiyo hiyo unagusa kwenye tramu, kwenye treni, na unanunulia maji dukani. Bakshishi hakuna, ukiacha chenji mezani mhudumu atakukimbilia nje akurudishie.

Hatua ya 3: Kufika na kupanga pa kulala

Kutoka Osaka treni ya kasi ya Nozomi ni kama saa moja na nusu, kutoka Tokyo karibu masaa manne. Kama unatumia ile pasi ya wageni ya reli za JR kumbuka Nozomi inataka uongeze hela, panda Sakura au Hikari, tofauti ya muda sio ya kukunyima usingizi.

Pa kulala kuna mitaa miwili ya kufikiria, karibu na stesheni au kule katikati Hatchobori na Kamiyacho. Mimi nasema katikati, maana usiku ndio utataka kula na kule ndio kuna chakula, barabara ya maduka ya Hondori ina paa juu kwahiyo hata mvua ikinyesha unatembea, na Bustani ya Amani, yalipo makumbusho ya bomu, unaifikia kwa miguu. Stesheni inafaa mtu wa kuondoka alfajiri.

Tramu ndio usafiri wa mji huu. Zipo tangu 1912, na siku hizi zinaingia mpaka ndani ya jengo la stesheni ghorofa ya pili. Bomu lilidondoka tarehe 6 Agosti 1945, na siku tatu baadaye kipande cha njia kilishaanza kubeba abiria tena. Behewa namba 651 na 652 zilinusurika siku ile na bado zipo barabarani, namba imeandikwa mbele, ukiiona usiulize inaenda wapi, panda tu kituo kimoja. Kwenda kwenye jengo la bomu shika namba 2 au namba 6, shuka Genbaku Dome-mae.

Hatua ya 4: Siku ya mji, anza na makumbusho, na anza mapema

Makumbusho ya Amani yanafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, ile saa ya kwanza ni ya waliokata tiketi mtandaoni, na hiyo ndio ukate. Kiingilio mtu mzima ni yeni 200, bei ya kutupa, ila umati sasa, mwaka wa fedha 2024 waliingia zaidi ya watu milioni 2, ukienda saa tano utakuwa unasukumana na wanafunzi huku huoni kilichopo kwenye kioo.

Ndani usikimbilie mabango ya historia, tafuta vitu. Kuna baiskeli ya miguu mitatu ya mtoto wa miaka mitatu, Shinichi Tetsutani, alikuwa anaichezea nje ya nyumba bomu lilipopiga saa mbili na robo asubuhi. Akafa usiku ule, baba yake akamzika uani pamoja na baiskeli yake maana aliona mtoto mdogo hivi kwenda makaburini peke yake haiwezekani, mpaka 1985 ndio kaburi likahamishwa na baiskeli ikaja makumbusho, imeliwa na kutu yote. Na kuna kontena la chakula la kijana wa miaka 13, Shigeru Orimen, wali ndani umekuwa mkaa mweusi, mama yake ndio alimtambua mwanae kwa kontena hilo. Inakadiriwa mpaka mwisho wa 1945 walikuwa wamekufa watu kama 140,000, lakini namba hiyo haishikiki kichwani, vitu viwili hivyo vinashikika. Wenye watoto wadogo fikirieni kwanza.

Kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja na wengi hawalijui. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kwenye mradi ule wa mabomu ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, Kongo, enzi za Mbelgiji, ardhi ambayo watu wake wanaongea Kiswahili hiki hiki. Wewe wa Likasi au Lubumbashi ukisimama mbele ya kioo kile huwezi kujiita mgeni asiyehusika.

Ukitoka nje, pumua, kaa kwenye benchi. Kisha tembea kwa utaratibu huu: mnara wa kumbukumbu wenye umbo la upinde upo mbele ya jengo la makumbusho, simama katikati yake uangalie ndani, utaona mwali wa moto na jengo la bomu vyote kwenye mstari mmoja, msanifu Kenzo Tange alipanga hivyo makusudi. Moto ule unawaka tangu 1964 na wamesema utazimwa siku silaha za nyuklia zikiisha duniani. Mbele kidogo ni mnara wa watoto, wa Sadako Sasaki, yule binti aliyepata saratani ya damu miaka kumi baada ya bomu akawa anakunja korongo wa karatasi hospitalini, mnara umejengwa 1958 na mpaka leo watoto wanaleta korongo kwa maelfu, unaruhusiwa kuleta wa kwako. Ndipo uvuke mto kwenda kwenye jengo lenyewe, lilijengwa 1915 kwa ajili ya maonyesho ya bidhaa, msanifu wake mtu wa Czech, Jan Letzel, na UNESCO waliliweka kwenye urithi wa dunia 1996.

Nyuma ya jengo hilo, dakika chache kwa miguu, kwenye kichochoro mbele ya hospitali ya Shima, kuna kibao kidogo. Hapo ndio chini ya pale bomu lilipolipukia, mita kama 600 hewani. Hakuna geti wala tiketi, kuna baiskeli zimeegeshwa na watu wanapita na mifuko ya soko. Watalii wengi hawafiki, wewe fika.

Picha piga, ila ule mtindo wa kurusha mikono na kuruka juu mbele ya makaburi ya watu uache nyumbani.

Hatua ya 5: Msosi wa mji ni okonomiyaki, na uule kwenye kaango lenyewe

Mchana utakuwa na njaa. Osaka nao wana okonomiyaki yao wanachanganya kila kitu kwenye bakuli, Hiroshima wanapanga tabaka tabaka na usithubutu kumwambia mtu wa Hiroshima kwamba ni kitu kimoja. Kaa kaunta, usikae meza ya pembeni, manake kinachouzwa pale nusu yake ni kuangalia.

Mpishi anamwaga uji mwembamba wa ngano kwenye bapa la chuma lenye moto, anauzungusha na mgongo wa upawa mpaka unakuwa duara jembamba. Ananyunyiza unga wa samaki mkavu. Halafu kabichi iliyokatwa nyembamba, rundo kabisa, unasema hii haitaiva leo, juu yake chipukizi za maharage, chembe za unga uliokaangwa, na vipande vya nyama ya nguruwe. Anapitisha miiko miwili bapa ya chuma chini, anageuza mzigo wote kwa mpigo mmoja, kabichi ndio inaanza kujipika kwa mvuke wake na kushuka taratibu. Pembeni anakaanga tambi, soba au udon, anahamishia mzigo juu ya tambi, anapasua yai, analitandaza, anahamisha tena juu ya yai, anageuza, sosi nzito nyeusi tamu-chachu, majani ya kitunguu, basi. Ni kama kumwangalia muuza chipsi mzoefu anavyogeuza zege, ila hapa inachukua dakika kumi na tano mpaka ishirini na mpishi hana haraka na wewe. Anakusukumia mbele yako hapo hapo kwenye chuma, wanakupa mwiko mdogo bapa wa chuma unaitwa hera, unakata kipande, unakula na huo huo. Chakula kinabaki cha moto mpaka mwisho. Ungua ulimi kidogo, ndio kanuni.

Ukiagiza sema "niku tama soba", maana yake nyama, yai na tambi, ndio ya kawaida. Andaa kama yeni elfu moja mpaka elfu moja na mia tano, ukiongeza chaza au ngisi inapanda. Kwa asiyejua pa kuanzia kuna Okonomimura, jengo lina vibanda vingi vya okonomiyaki ghorofa ya pili mpaka ya nne, kila kibanda na mpishi wake na kaunta yake. Kuna wanaosema ni pa watalii, sawa, ila wenyeji nao wanakula pale na wewe ni mtalii, tatizo liko wapi? Kanuni yangu ni moja tu, pita kwenye vibanda vyote kwanza, kaa pale ambapo kuna wazee wa mji wamekaa na bia zao.

Kwa Waislamu na wasiokula kitimoto: kusema "buta nashi", yani bila nguruwe, kunaondoa nyama lakini hakuondoi chuma kilichokaangiwa nguruwe asubuhi yote, na sosi nyingi zina viungo vya nyama. Kwahiyo kama unashika sana tafuta mgahawa wenye alama ya halali kabla hujatoka hotelini, usitegemee kubahatisha mtaani. Na mirin, ile divai ya mchele ya kupikia, inaingia kwenye vyakula vingi vya Kijapani, hata wali wa samaki, uliza.

Usiku kama bado una nafasi kuna tambi za kavu zenye pilipili, wanaziita shirunashi tantanmen, unakoroga sana mpaka sosi ipande toka chini. Ndio sehemu chache Japani utakazokuta pilipili inayoeleweka.

Hatua ya 6: Mchana wa mji, chagua kimoja

Usijaze ratiba. Kama unapenda bustani nenda Shukkeien, imeanzishwa 1620, bwawa na vidaraja, na kuna mti wa ginkgo ulioinama ambao ulinusurika bomu. Kasri la Hiroshima lilianza kujengwa 1589 ila mnara wa sasa ni wa zege wa 1958, kwa nje unapendeza, kwa ndani kabla hujaenda hakikisha kama wanapokea wageni.

Na wale wa magari, sikilizeni. Demio na Axela zinazojaa barabarani kwetu, Dar mpaka Nairobi, kwao ni hapa, Mazda ilianzia Hiroshima 1920. Makumbusho yao yapo makao makuu, shuka stesheni ya Mukainada, vituo viwili tu kutoka Hiroshima, kuingia ni bure ila lazima uweke nafasi mtandaoni kabla na ni siku za kazi. Utaona injini ya rotari na gari la 787B lililoshinda Le Mans 1991, na mstari wa kuunganisha magari unaupitia kwa juu. Fundi yeyote wa Gerezani pale Dar au Grogan pale Nairobi angelipa nauli kwa hili peke yake.

Hatua ya 7: Siku ya kisiwa

Njia ya haraka ni treni ya JR mpaka Miyajimaguchi, nusu saa hivi, halafu boti dakika kumi. Tramu namba 2 nayo inafika lakini inatambaa zaidi ya saa nzima, panda kama una muda wa kuangalia vibaraza vya watu. Kampuni za boti ni mbili gati moja, ya JR mchana inapita karibu na geti wakati wa kwenda, kaa upande wa kulia. Kuna kodi ya mgeni yeni 100, imeanza Oktoba 2023, unalipa pamoja na tiketi.

Kabla ya kuvuka, au wakati wa kurudi, kula anagomeshi, wali uliopikwa na supu ya mkunga halafu mkunga mwenyewe wa kuchomwa na sosi ya soya amelazwa juu. Duka la Ueno hapo Miyajimaguchi linauza tangu 1901, foleni yake ni ndefu, ujanja ni kununua ya kubeba, wanafunga kwenye boksi jembamba la mbao na ikipoa ladha inaingia zaidi. Mtu wa pwani atakuelewa hapa haraka kuliko mtu wa Osaka.

Ukishuka utapokelewa na kulungu. Ni wazuri na ni wezi, wanakula karatasi, ramani, tiketi ya kurudia, kila kitu, usiwalishe na usiache mfuko wazi.

Fuata maji. Kama umefika yakiwa yamejaa, ingia hekaluni kwanza, chini ya sakafu unasikia maji yanagonga mbao. Majengo yale Taira no Kiyomori aliyapa sura hii mwaka 1168. Geti lenyewe la sasa ni la 1875, urefu mita 16 na ushee, na halijachimbiwa chini, limesimama kwa uzito wake, ndani ya boriti la juu wamejaza mawe. Maji yakishatoka rudi uende mpaka miguuni pake, viatu vya kuchafuka.

Katikati ya hapo ndio unakula. Mtaa wa Omotesando unanuka chaza wa kuchoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, Hiroshima ndio inaongoza Japani nzima kwa chaza, wanakuchomea mbele yako kwenye gamba, unakamulia limau la visiwa vya hapo hapo. Anza na wawili, usiagize sahani kubwa duka la kwanza, kila duka lina namna yake. Baada ya chumvi, momiji manju, kikeki chenye umbo la jani la maple na maharage matamu ndani. Dukani ukiangalia dirishani utaona mashine inazipika zenyewe. Nzuri zaidi ni ile iliyochovywa kwenye uji wa ngano ikakaangwa na kuchomekwa kijiti, age-momiji, kula hapo hapo ulipoinunua na kijiti wanakipokea wenyewe, kutembea unatafuna hawapendi.

Mtaani hapo wameweka mwiko wa wali wa mita 7.7, sio utani, kisiwa hiki kina sifa ya kutengeneza miiko. Midogo inauzwa, myepesi, haivunjiki begini, zawadi ya mama hiyo.

Mlima Misen una mita 535. Kuna kebokari, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, za awamu mbili, ila zinakuacha nusu saa ya kupanda kabla ya kilele, na zikikumbwa na upepo zinasimama, kwahiyo uliza chini kabla ya kulipa na angalia ya mwisho kushuka ni saa ngapi. Karibu na kilele kuna kibanda cha moto ambao inasimuliwa unawaka tangu mtawa Kukai, miaka 1200 huko, na ni kati ya mioto iliyochukuliwa kuwashia ule mwali wa Bustani ya Amani. Kuna chungu kikubwa juu yake, moshi umejaa, macho yatawasha.

Watalii wengi wanaondoka saa kumi, saa kumi na moja, maduka nayo yanafunga mapema. Wewe nunua chakula kabla, kaa mpaka giza, geti linawashwa taa na ufukwe unabaki na watu wachache na kulungu. Boti zinaendelea mpaka usiku ila zinapungua, piga picha ratiba ya gatini wakati unashuka asubuhi.

Hatua ya 8: Kuondoka

Kama ni kati ya mwisho wa Machi na Oktoba, angalia kama timu ya besiboli ya Hiroshima Carp wanacheza nyumbani, uwanja upo dakika kumi kwa miguu toka stesheni na mji mzima unavaa nyekundu, hata besiboli usipoielewa nyimbo zao na vyakula vya uwanjani vinatosha. Tiketi zinaisha, kata kabla.

Mizigo yako iache kwenye makabati ya sarafu stesheni, asubuhi, ikifika saa nne makubwa yameshajaa. Momiji manju za kupeleka nyumbani zinauzwa stesheni hapo hapo, soma tarehe ya mwisho maana zile laini hazikai sana, za maharage zinavumilia safari kuliko za kastadi. Na boksi la chakula la kulia kwenye treni nunua kabla hujapita geti la tiketi, chaguo la nje ni kubwa kuliko la ndani.